Somo la 27: Mtu Kumpa Mwenziwe Sehemu ya Mwili Wake

Zamani, kabla ya hospitali kujengwa katika nchi iliyo kati ya milima ya Tarime na mbuga za Serengeti, wafugaji wa huko, Wakurya na jirani zao Wamasai, walikuwa wamekwisha kujua jambo moja kubwa katika habari za damu. Walipotaka damu ya kunywa hawakumchinja ng'ombe. Walimfunga kamba shingoni hata mshipa ukatuna, kisha mtu mwenye shabaha akapiga mshale mfupi uliotiwa kizuizi karibu na ncha, usipate kuzama sana. Damu ikaruka, ikakingwa katika kibuyu. Kamba ilipofunguliwa jeraha likazibwa, naye ng'ombe akaenda zake malishoni pamoja na wenzake. Hakufa. Baada ya majuma machache alikuwa mzima kama kwanza, maana mwili ulio hai hutengeneza damu mpya mahali pa ile iliyotoka.

Jambo hili, alilolijua mchungaji kwa mifugo yake tangu utoto, si rahisi kulikubali kwa mwili wake mwenyewe. Mtu mwenye nguvu, asiyeogopa kulala porini penye fisi na simba, aweza kugeuza uso akiambiwa anyoshe mkono atolewe damu kwa ajili ya mgonjwa. Hudhani kwamba nguvu zake zitakwisha, au kwamba damu ikitoka imekwenda wala hairudi. Kumbe mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita tano, na ile itolewayo hospitalini haifiki nusu lita. Ni mililita 450 tu. Maji ya damu hiyo hurudi kwa siku moja au mbili, mtu akinywa vizuri. Chembe nyekundu ndizo zinazochelewa, kwa sababu hutengenezwa polepole ndani ya mifupa, na hiyo ndiyo sababu mwanamume hutakiwa kungoja miezi mitatu, na mwanamke miezi minne, kabla ya kutoa tena.

Wahitaji wa damu katika wilaya hizi ni wengi kuliko watu wadhanivyo. Wa kwanza ni mama aliyejifungua. Mara nyingine kondo likiisha kutoka, tumbo la uzazi hulegea badala ya kujikaza, na damu ikafuata bila kukoma; mama huyo aweza kufa kabla ya saa mbili kupita, na mtoto wake mzima analia kando yake. Wa pili ni mtoto mdogo mwenye malaria kali. Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu na kuzipasua, hata viganja na midomo ya mtoto ikawa myeupe na pumzi zikaenda mbio. Wako tena walioanguka na pikipiki barabarani, waliopigwa na nyati, walioumwa na mamba Mto Mara, na waliojeruhiwa katika ugomvi wa mipaka au wa ng'ombe. Na wako wasichana wanaokatwa kwa siri katika majira ya kukeketa, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana asiyefika miaka 18. Baadhi yao hutokwa na damu nyingi hata wakapelekwa hospitalini usiku wa manane, na wengine hufichwa nyumbani kwa kuogopa sheria, wakafia huko.

Wagonjwa wa namna hii hawaponi kwa vidonge. Dawa nyingi hutoka viwandani, lakini hakuna kiwanda duniani kitengenezacho damu ya binadamu ya kujaza mishipa iliyokauka. Haina budi kutoka katika mkono wa mtu mwingine.

Yafaa kutaja hofu moja ya zamani, maana mpaka leo wazee wengine huikumbuka. Katika miaka ya utawala wa Waingereza zilienea habari za mumiani. Watu walisema kwamba wako watu wanaokamata wengine usiku, wakawanyonya damu ili itengenezwe dawa. Huko Nairobi na Kampala walioshukiwa walikuwa wazima moto, kwa sababu ya magari yao mekundu na mipira yao mirefu. Kwingine walishukiwa hata matabibu waliopima damu za watu ili kutafuta malale. Habari hizo hazikuwa za kweli, lakini si haki kuwacheka waliozisadiki. Mtu aliyechukuliwa damu yake na mgeni asiyemweleza sababu, wala asimwonyeshe ilikokwenda, alikuwa na haki ya kushuku. Dawa ya hofu ya namna hii ni maelezo wazi, na kumwacha mtu aseme ndiyo au hapana kwa kinywa chake mwenyewe.

Wala kuchanganya damu kwa hiari si jambo geni kwa Waafrika. Katika nchi nyingi za bara watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana ngozi, na damu ya huyu ikaingia kwa yule. Baada ya hapo haikuwezekana mmoja kumdhuru mwenziwe. Mwaka 1876 Mirambo, mtawala mkuu wa Unyamwezi, alichanjiana udugu na Stanley, yule msafiri aliyevuka Afrika. Damu yao ilikuwa matone machache, ishara tu. Aliyetolewa damu hospitalini amempa mtu asiyemjua wingi unaomwezesha kuishi, na mara nyingi hawataonana kamwe.

Lakini damu haichanganywi ovyo ovyo. Matabibu wa Ulaya walijaribu tangu kale kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine. Wengine walipona na wengine walikufa mara moja, na hakuna aliyejua sababu. Aliyeigundua ni Karl Landsteiner, mtaalamu wa mji wa Vienna. Mwaka 1901 alionyesha kwamba damu za watu hazilingani, bali zina makundi. Damu ya kundi moja ikikutana na damu ya kundi lisilopatana nalo huganda vidonge vidonge. Leo makundi hayo huitwa A, B, AB na O. Watu wa kundi O ndio wengi katika Tanzania, na damu yao ndiyo inayotumika wakati wa haraka, maana hukubaliwa na watu wengi zaidi. Rangi ya ngozi, kabila na ukoo havihesabiwi katika jambo hili. Huenda Mkurya wa Sirari asipatane damu na ndugu yake wa tumbo moja, akapatana na Mjaluo wa ng'ambo ya mpaka ambaye baba zake walipigana na baba zake.

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, na kituo cha Kanda ya Ziwa kikawekwa Mwanza. Kabla ya hapo ndugu wa mgonjwa walihangaika wenyewe kutafuta mtoaji, hali mgonjwa anazidi kudhoofika. Mtoaji hutakiwa kuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, asipungue kilo 50, na awe mzima. Hupimwa wekundu wa damu yake kabla ya kuchomwa sindano, wala hatolewi kama damu yake ni haba. Damu ikiisha kutolewa hupimwa tena, isije ikawa na virusi vya UKIMWI, homa ya ini au kaswende. Kisha hutiwa mahali pa baridi, nayo aghalabu huwekwa siku 35. Ikipita muda huo humwagwa. Chembe nyekundu, chembe sahani na maji ya damu zaweza kutenganishwa, kila kitu akapewa mgonjwa wake, hata watoto wawili na mama mmoja wakapona kwa mkono wa mtu mmoja.

Kwa kuwa damu haikai, akiba yake hupanda na kushuka. Sehemu kubwa ya watoaji wa Tanzania ni vijana wa shule za sekondari, na shule zinapofungwa akiba hupungua. Malaria haifungi shule. Hapo watu wazima wangepaswa kujaza pengo, lakini wengi hungoja mpaka mgonjwa awe wa nyumba yao. Ni ajabu kidogo kwamba mzee mwenye moyo wa kutoa zizi zima kwa mahari ya mwanawe huona chupa moja ya damu ni mali kubwa mno.

Damu hurudi. Figo hairudi, na kwa hiyo habari yake ni nzito zaidi.

Mtu ana figo mbili, nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, kila moja kiasi cha ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu mchana na usiku. Kwa siku moja figo hupitisha maji yapatayo lita 180, zikarudisha karibu yote mwilini, na takataka zikatoka pamoja na lita moja au mbili za mkojo. Figo zikiharibika, kwa ugonjwa wa kisukari, au shinikizo la damu lisilotibiwa, au kwa kunywa dawa ovyo, takataka hubaki ndani. Mtu huvimba, hutapika, pumzi humpaa, na mwisho hufa. Mashine yaweza kumsafisha damu, lakini lazima afungwe kwenye mashine hiyo kwa muda wa saa nne hivi, mara tatu kila juma, maisha yake yote. Mkulima wa Nyamwaga au wa Mugumu atakayeweza kufanya hivyo, tena na safari zake na gharama zake, ni nadra kupatikana.

Iko njia nyingine. Kwa kuwa figo moja yatosha, mtu mzima aweza kutoa moja akabaki na moja, na ile iliyobaki hukua kidogo ikafanya kazi ya mbili. Jambo hili lilifanikiwa mara ya kwanza mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Walikuwako ndugu wawili pacha, Richard na Ronald Herrick, wamefanana kabisa. Figo za Richard zilikuwa zimekufa. Ronald, kijana wa miaka 23, alikubali kupasuliwa ingawa hakuwa na ugonjwa wowote, na daktari Joseph Murray akampandikizia Richard figo ile. Ilianza kutoa mkojo palepale juu ya kitanda cha upasuaji. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa muuguzi aliyemtunza, wakazaa watoto wawili. Na yule aliyebaki na figo moja? Ronald akawa mwalimu wa hesabu, akafundisha miaka mingi, akafa mwaka 2010, umri wake miaka 79. Murray alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ndugu wale walikuwa pacha wa yai moja. Kwa desturi mwili hukitambua kiungo kigeni, ukakishambulia kama unavyowashambulia vijidudu. Baadaye zilipatikana dawa za kuutuliza mwili usifanye hivyo, hata figo ya dada, ya baba, au ya mtu baki ikaweza kukaa. Mgonjwa hana budi kuzinywa dawa hizo siku zote. Akiziacha figo hupotea.

Watanzania waliohitaji figo walipelekwa India kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba 2017 upandikizaji wa kwanza ulifanyika nchini, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, madaktari wa Tanzania wakisaidiana na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Mwezi wa Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafanya yake ya kwanza kwa msaada wa Wajapani. Figo hizo zilitoka kwa ndugu walio hai.

Hapo ndipo penye ugumu ambao hakuna daktari awezaye kuuondoa. Mgonjwa akiwa na ndugu sita, huenda wawili tu wakapatana naye. Mmoja ana mimba, mwingine anawalisha watoto saba kwa jembe lake. Wazee hukaa barazani, macho yote yakamwelekea yule wa pili. Je, ashurutishwe? Matabibu hukataa. Mtoaji huulizwa peke yake, mbali na ukoo wake, na akisema hataki, hatolewi, wala sababu yake haitangazwi. Hana deni. Tena huelezwa hatari bila kufichwa: kupasuliwa ni kupasuliwa, kuna maumivu, jeraha laweza kuoza, na hutokea, ingawa kwa nadra sana, mtoaji mwenyewe kufa. Akikubali baada ya kuyasikia hayo yote, ndipo kukubali kwake kunapokuwa na maana. Apaswa kujichunga baadaye, apimwe kila mwaka, asiiharibu figo yake moja kwa ulevi au kwa kupuuza shinikizo la damu.

Wala figo haiuzwi. Maskini mwenye deni atashawishika kuiuza, tajiri ataishi, naye maskini atabaki na kovu, na deni jingine likamjia baada ya mwaka. Mwaka 2008 matabibu na wanasheria wa nchi nyingi walikutana Istanbul, mji wa Uturuki, wakatoa tamko la kuipinga biashara hiyo.

Waliokufa nao wamewapa wengine uzima. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa binti mmoja aliyegongwa na gari. Baba wa binti aliulizwa usiku ule ule. Alifikiri kwa dakika chache, akakubali. Washkansky aliishi siku 18 tu, lakini wengine waliomfuata, katika nchi mbalimbali, wameishi miaka mingi. Kioo cha jicho, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, nacho chaweza kutolewa kwa maiti na kumfungua macho kipofu. Daktari Eduard Zirm alifanikiwa kupandikiza kioo cha jicho mwaka 1905, na kwa kuwa kioo hicho hakina mishipa ya damu, mwili hukikataa mara chache. Watu wengi huona ni vibaya kumzika mtu bila kiungo chake. Heshima ya maiti ni jambo jema, na hospitali zinazofanya kazi hii hushona mwili na kuurudisha kwa jamaa uzikwe kwa taratibu zote.

Imebaki zawadi moja, na hii hata mtoto aweza kuitoa, wazazi wakikubali. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria kuna watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Chembe zao nyekundu, badala ya kuwa mviringo, hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, huishiwa damu mara kwa mara, na pengine hafikii utu uzima. Kila mwaka watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa nao Tanzania. Damu ya kuongezewa huwasaidia kwa muda, kisha chembe mbaya hutengenezwa tena, kwa sababu kiwanda chenyewe, yaani uloto ulio ndani ya mifupa, ndicho chenye kasoro.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwapandikizia watoto wa selimundu uloto wa ndugu zao. Si kila ndugu afaaye. Kati ya waliozaliwa na baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana bahati moja katika nne ya kulingana na mgonjwa. Uloto wa mtoaji huvutwa kwa sindano katika mfupa wa nyonga, akiwa amelazwa usingizi, au huchujwa katika damu yake. Nyonga humuuma siku chache, na baada ya majuma kadhaa mwili umekwisha kurudisha kilichotoka. Mgonjwa kwa upande wake hupewa kwanza dawa kali za kuufuta uloto wake mbovu, akakaa katika chumba safi asichoingia mtu ovyo, kwa maana siku hizo hata mafua yaweza kumwua. Kisha uloto wa ndugu yake hutiwa katika mshipa wa damu, kama maji ya dripu, nao hujua wenyewe njia ya kwenda mifupani. Siku zipatazo ishirini hupita kwa kungoja. Ukikubali, chembe mpya huanza kutoka, mviringo na laini. Na ikiwa kundi la damu la yule ndugu lilikuwa jingine, kundi la mgonjwa nalo hubadilika polepole, likawa lile la nduguye.

Maswali

1. Kwa nini ng'ombe aliyetolewa damu kwa mshale hakufa?
2. Ni nani wanaohitaji damu zaidi katika wilaya za Tarime na Serengeti? Taja wengine unaowajua ambao hawakutajwa katika somo hili.
3. Landsteiner aligundua nini, na kabla ya hapo matabibu walikosa wapi?
4. Eleza tofauti iliyopo kati ya kutoa damu, kutoa figo na kutoa uloto.
5. Kwa nini mtoaji wa figo huulizwa peke yake, mbali na ukoo wake?
6. Waulize wazee wa nyumbani habari za mumiani. Andika waliyokuambia, kisha uandike maelezo ambayo ungewapa.